Albamu zangu tano za mwaka huu, na sikio la binti yangu

Nesi wenu wa Ifakara nimerudi. Wiki iliyopita tulimaliza habari za uji wa mtoto, na wengi mkaniomba niandike kitu chepesi cha kufungia mwaka. Wanaonijua wanajua ugonjwa wangu ni muziki. Basi leo nawaletea albamu tano nilizozipenda kuliko zote mwaka huu.

Ni ndefu, kaa na chai. Na usiishie njiani, maana nilipoanza kuandika nimeona siwezi kuzisimulia albamu hizi bila kusema na lile jingine: kwamba mwaka huu huu nimekaa na mtoto asiyesikia vizuri, ndani ya nyumba inayopiga muziki kila jioni, mimi nesi mzima, na sikujua.

Kwanza utaratibu wangu. Mwezi wa kwanza nilijiwekea sharti la kusikiliza albamu nzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Siku hizi tunasikiliza kwa kurukaruka, nusu wimbo hapa, nusu wimbo pale. Mimi jioni nisiyo na zamu napiga pasi sare za kazini na za shule, basi nikasema saa hiyo ndiyo ya albamu. Naunganisha simu kwenye sabufa, naendelea na kazi. Sabufa yetu inakaa chini sakafuni, pembeni ya kabati. Ikumbuke hiyo sabufa.

1. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz: mkusanyiko wa "Masimango"

Baba yangu ni mtu wa ng'ambo ya mto, Lupiro. Nilipokuwa mdogo daraja halikuwepo, tulivuka Kilombero kwa pantoni, na mkisubiri pantoni mnaweza kusubiri hasa. Baba alikuwa na redio kaseti, na kwenye foleni ile alikuwa anawapigia watu Mbaraka. Kwake yeye Mbaraka alikuwa mtu wa nyumbani, kwa sababu alijengea jina Morogoro mjini, mkoa wetu. Mwaka 1970 bendi ile ilikwenda mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Baba alikuwa akilisimulia hilo kama vile na yeye alikuwemo kwenye ndege. Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, hata miaka 35 hajatimiza.

Nilichokipenda ni gitaa lake la solo. Linaongea. Anaimba mstari, gitaa linamjibu, kama watu wawili wanaopiga soga barazani.

Jioni ile binti yangu, mtoto wangu wa pili, alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi. Muziki ulipoanza alikwenda moja kwa moja kwenye sabufa, akapiga magoti, akabandika shavu kwenye lile boksi. Akatulia hivyo, macho amefumba. Nikamwita baba yake aje aone. Tukampiga picha. Nikaiweka hata hapa, mkanikomentia "atakuwa mwanamuziki huyo", nami nikajibu "damu ya babu yake".

2. Remmy Ongala na Super Matimila: "Songs for the Poor Man"

Hii ilikuwa mwezi wa tatu, mvua zimeshika. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, akaja kwetu akawa Mtanzania kuliko sisi. Dar mpaka leo kuna kituo cha daladala kinaitwa Sinza kwa Remmy. Albamu hii ilitoka mwaka 1989 kwa kampuni ya Real World ya Uingereza, lakini ukiisikiliza hutasikia Uingereza hata kidogo. Ni mnyonge wa Dar anayeongea na wanyonge wenzake kwa sauti ya kukwaruza.

Mimi Remmy nina deni naye la kikazi. Enzi ambazo watu waliona haya hata kuutaja UKIMWI, yeye aliimba wazi kuhusu kondomu kwenye "Mambo kwa Soksi", na Radio Tanzania hawakuupiga wimbo ule. Watu waliujua hivyo hivyo. Sisi wauguzi tunahangaika na mabango na vipeperushi, mwenzetu alimaliza kazi kwa gitaa.

Usiku mmoja wa mwezi ule nilikuwa namsikiliza Remmy kwa sauti ya chini, wote wamelala, mvua inapiga bati. Binti anakoroma. Yaani anakoroma kama mzee aliyetoka kulima, mdomo wazi. Nikacheka peke yangu. Kila akipata mafua yanakaa wiki mbili, na mara tatu hivi alikuwa ameamka usiku akilia ameshika sikio. Nilimpa paracetamol, asubuhi kapoa, nikaenda kazini.

Mama mwingine angeniletea mtoto wa hivyo kliniki, ningemuuliza maswali sita. Wa kwangu sikumuuliza hata moja.

3. Siti Muharam: "Siti of Unguja"

Wengi wetu tulisoma au kusikia habari za Siti binti Saad kupitia kitabu cha Shaaban Robert. Muuza vyungu wa Unguja, mwanamke wa kawaida kabisa, ambaye mwaka 1928 alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Huyu Siti Muharam ni kitukuu wake. Albamu yake ilitoka mwaka 2020, na ameziimba upya nyimbo za bibi yake. Ni taarabu lakini haina haraka, ina nafasi ndani yake, sauti inakuja taratibu kama mtu anayefungua mlango watoto wasiamke.

Hii niliisikiliza mwezi wa tano. Umeme ulikuwa umekatika siku hiyo, kwa hiyo simu ilikuwa inapiga yenyewe juu ya meza. Binti anacheza na vifuniko vya sufuria amenipa mgongo. Nikamwita akaoge. Kimya. Nikamwita tena. Kimya. Mara ya tatu nikapaza sauti, hakugeuka. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, wodi ilikuwa imejaa, miguu inawaka. Nikaenda nikamchapa mkononi.

Alinitazama. Hakulia mara moja. Alinitazama kama mtu anayeuliza, umetokea wapi? Ndipo akalia.

Nilimwambia mama mkwe wangu kwamba huyu mtoto ana kiburi, ameshatimiza miaka miwili na maneno yake ni "mama" na "ta" tu. Mama akasema, "Mwache mwanangu, ataongea, hata mume wako alichelewa." Nikaridhika. Neno la kukutuliza halihitaji ushahidi, hasa ukiwa umechoka.

4. The Zawose Queens: "Maisha"

Hii ndiyo albamu yangu bora ya mwaka, na hata kama isingekuwa nzuri ningeipa namba moja kwa kilichotokea.

Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alikuwa bingwa wa zeze na marimba aliyeufikisha muziki wa Wagogo pembe zote za dunia, mpaka alipofariki mwishoni mwa mwaka 2003. Ukoo wake una maskani Bagamoyo. Kwa miaka mingi wanawake wa ukoo ule walikuwa nyuma, waitikiaji na wachezaji. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose wakatoa albamu yao wenyewe, wao ndio mbele. Zile sauti zinazopandana, zeze linalolia, na ngoma. Jamani zile ngoma! Zinaanzia tumboni kwako.

Ilikuwa mwezi wa saba. Pasi mkononi, sabufa inapiga, binti kabandika kidevu kwenye boksi kama kawaida yake, anatingisha mabega. Kaka yake, ana miaka minane, akapita anakimbia, mguu ukanasa waya wa sabufa ukachomoka. Simu ikaendelea kupiga yenyewe juu ya meza, sauti ya mwisho kabisa, wale akina mama wanaimba vilevile.

Binti hakugeuka kwenye simu. Alibaki pale, kidevu kwenye boksi lililokufa, anasubiri. Kisha akaanza kulipiga makofi lile boksi ili liamke.

Baba yake na kaka yake wakacheka. Mimi nilisimama na pasi mpaka nikasikia harufu ya shati linaungua.

Kwake yeye muziki ulikuwa umezimika. Kumbe muda wote ule hakuwa anausikiliza kama mimi. Alikuwa anaugusa.

Niliweka pasi chini nikaenda nyuma yake, mahali asiponiona. Nikamwita jina kwa sauti ya kawaida. Hakuna. Nikagonga kijiko kwenye kikombe. Hakuna. Nikagonga sufuria kwa nguvu, ndipo akageuka. Hapo nikaelewa kilichonidanganya mwaka mzima: alikuwa anasikia kiasi. Pikipiki ikipita anageuka. Mlango ukibamizwa anashtuka. Basi unajiambia, "anasikia huyu, mbona mlango kausikia?" Lakini maneno hayana kishindo cha mlango, na mtoto hujifunza kusema kwa kusikia maneno.

Usiku ule sikulala. Sikuwa nafikiria ugonjwa. Nilikuwa nafikiria lile kofi.

5. Professor Jay: "Machozi, Jasho na Damu"

Asubuhi nilimpeleka kwa wenzangu. Mmoja akachukua kile kitochi cha kuangalizia masikio, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akanyamaza kidogo. "Dada, kuna maji nyuma ya ngoma. Yote mawili." Tukapewa rufaa ya kwenda Dar kwa daktari wa masikio, pua na koo, na kwa mtaalamu wa kupima usikivu.

Hivyo albamu ya tano niliisikilizia njiani, spika moja sikioni, mtoto kalala kifuani. Professor Jay alikuwa wa kaka yangu. Albamu hii ilitoka mwaka 2001, kaka aliinunua kwenye kaseti na mimi niliijua yote kwa kuisikia ukutani. "Ndio Mzee" imo humu, na ukiisikiliza leo utadhani ameitunga juzi. Tulipopita Mikumi nikakumbuka kwamba huyu bwana aliwahi kuwa mbunge wa pale. Mwaka 2022 aliugua figo akalazwa Muhimbili miezi mingi, na alipotoka akaanzisha taasisi ya kusaidia wagonjwa wa figo. Nikiwa na mtoto mgonjwa mapajani, jina lile la albamu nililielewa tofauti na nilivyolielewa nikiwa darasa la sita.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hii ndiyo sababu ya andiko lote.

Ndani ya sikio kuna kiwambo chembamba. Kwa Kiswahili tunakiita ngoma ya sikio, na aliyekipa jina hilo hakukosea, maana kinafanya kazi kama ngoma: sauti inakipiga, kinatikisika, mtikisiko unaingia ndani. Nyuma ya ngoma hiyo panatakiwa pawe na hewa. Hewa inapitia mrija mdogo unaotokea nyuma ya pua. Mtoto akiwa na mafua yasiyoisha, au nyama za pua zikiwa kubwa, mrija unaziba. Hewa ikikosekana pale nyuma, yanajaa maji, na yakikaa sana yanakuwa mazito kama gundi. Ngoma iliyojaa maji hailii. Mtoto anasikia kama wewe unavyosikia ukizamisha kichwa kwenye beseni.

Lakini mtikisiko unaweza kupita kwenye mfupa pia. Ndiyo maana yangu alibandika shavu na kidevu kwenye sabufa. Alikuwa amejitafutia njia yake, nami nikampiga picha.

Wa kwangu alikuwa na nyama za pua. Kule kukoroma, mdomo wazi, mafua ya wiki mbili, vyote vilikuwa vinanieleza. Daktari hakukimbilia kumpasua. Alisema mara nyingi maji haya hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu, tusubiri, tupime tena. Tukarudi mwezi wa kumi, maji bado yapo. Wakamlaza usingizi wa dawa, wakatoa nyama za pua, wakanyonya yale maji, wakaweka kwenye kila ngoma kijirija kidogo kuliko punje ya mchele wetu wa Kilombero. Kijirija kile kinapitisha hewa na baadaye kinadondoka chenyewe. Bima ya kazini ilibeba sehemu kubwa. Najua wengi wenu hamna bima, na ndiyo maana nasisitiza kuwahi. Kumwangalia mtoto sikio kwa kitochi ni jambo la dakika mbili.

Haya, chukua kalamu:

- Mtoto mchanga anatakiwa kushtuka kwa kishindo.
- Akifika miezi sita anageuza kichwa kutafuta sauti imetoka wapi.
- Akifika mwaka anaitikia jina lake na anabwabwaja "ba-ba-ba, da-da-da". Mtoto aliyekuwa anabwabwaja kisha akanyamaza, mlete.
- Akifika miaka miwili anaunganisha maneno mawili: "mama njoo", "nataka maji". Kama bado, usiambiwe "ataongea tu". Mlete apimwe masikio kwanza.
- Kukoroma kila siku, kulala mdomo wazi, kuongeza sana sauti ya TV au kuisogelea, kuwa "mkaidi" akiitwa kwa nyuma: vyote ni sababu ya kuja.
- Mtoto aliyezaliwa njiti, aliyepata manjano kali utotoni, au aliyeugua homa ya uti wa mgongo, apimwe usikivu hata kama unaona yuko sawa.
- Sikio linalotoa usaha ni la hospitali. Usitie mafuta ya moto, maji ya majani wala maziwa ya mama. Na vile vijiti vya pamba viache dukani.

Na kwa mama ambaye mtoto wake atakutwa na tatizo la ndani zaidi, lisilo la maji: hata hilo lina msaada. Kuna vifaa vya kusaidia kusikia, na tangu 2017 Muhimbili wanapandikiza kifaa kwa watoto wasiosikia kabisa. Kuna lugha ya alama, ni lugha kamili, na mtoto anayeianza mapema anakua na akili zake zote. Kinachoumiza mtoto ni miaka inayopita hakuna anayejua.

Mtaniuliza, sasa anaendeleaje? Siwadanganyi kwamba kila kitu kimekaa sawa. Ana miaka miwili na miezi tisa, na wenzake mtaani wanasema sentensi nzima, yeye ana maneno kama ishirini. La kwanza baada ya kutoka Dar lilikuwa "baba", wala sikushangaa, akina baba ndivyo walivyobarikiwa. Jogoo wa jirani anamuudhi. Mvua ya kwanza kupiga bati alilia akakimbilia chini ya meza, maana hakuwa anajua kwamba nyumba yetu ina kelele kiasi kile. Kuna siku naongea naye bila kuacha kuanzia asubuhi, nataja kila ninachoshika, kijiko, mwiko, chungwa, mpaka kaka yake ananiambia, "Mama, pumzika."

Jumamosi iliyopita nilipiga pasi tena. Nikaweka "Maisha" ya akina Zawose, sabufa, mwanzo hadi mwisho, nikakaa namwangalia kwa jicho la pembeni. Nilikuwa nasubiri siku hii. Ngoma zikaingia. Binti akaziba masikio kwa mikono miwili. Akaenda kwenye sabufa, hakubandika shavu. Akatafuta kitufe, akakizungusha, akazima.

Akanitazama, akasema, "Kelele."

Albamu yangu bora ya mwaka, mwanangu kaisikia kwa mara ya kwanza na hajaipenda. Nimekaa pale kwenye kiti nimecheka mpaka nimetoa machozi, na sikuiwasha tena jioni ile.

Usiku wa leo, kabla hujalala, pita nyuma ya mtoto wako akiwa anacheza, hatua tatu hivi, asikuone. Mwite jina kwa sauti ya kawaida. Akigeuka, mbusu. Asipogeuka, rudia kesho akiwa ameshiba na ametulia. Asipogeuka tena, usimchape. Mlete.

Na kwenye komenti niandikieni albamu yako ya mwaka, nina Januari nzima ya kujaza.

Ni mimi, nesi wenu.